Pikapu ya Maziwa ya Kinna

Ninyi mafundi vijana wa mtaa wa Chechelesi hapa Isiolo mna tabia moja ambayo nimeiona tangu nilipostaafu na kuanza kupita karibu na vibanda vyenu nikijifanya naenda sokoni. Gari likiingia, dereva hajazima injini, boneti iko juu na vichwa vitatu viko ndani. Hata salamu hamjatoa. Sina haki ya kuwalaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo kwa miaka mingi, tena nilikuwa hodari na watu walinisifu. Leo nataka kuwaeleza jinsi uhodari wangu ulivyomvunja mama wa watu mkono.

Lakini kwanza tuongee ufundi, maana najua mzee akianza na majuto mnatafuta kisingizio cha kuondoka.

Pikapu ya petroli inayokohoa ikienda polepole, halafu ikishika kasi inatulia kabisa, ni ugonjwa wa kila siku hapa kwetu. Mnajua washukiwa. Plagi zimechakaa. Kabureta imeingia uchafu katika yale matundu madogo yanayolisha injini ikiwa chini, na vumbi la Isiolo halihitaji kukaribishwa mara mbili. Petroli ina maji. Au kuna hewa ya wizi: paipu la mpira limepasuka mahali usipoona, na injini inavuta hewa ambayo haikuomba. Kwa kasi haijali, lakini ikishuka inapaliwa. Pikapu za miraa, zinazokimbiza majani yale sokoni kabla hayajanyauka, zilikuwa zikinichekesha, kwa sababu dereva wa miraa hawezi kujua kama gari lake linakohoa kwa mwendo wa chini. Mwendo huo hajawahi kwenda. Mmoja aliniletea injini yenye plagi mbili zilizokufa kati ya nne, akaniambia kwa utulivu, "Fundi, naona kama imepungua nguvu kidogo."

Aliyenifunza kazi ni Mzee Kirimi, Mmeru mrefu aliyekuwa na miwani iliyofungwa kwa waya wa umeme. Alinifunza kuweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, ili nisikie mahali kelele inapotoka. Alinifunza kunusa plagi. Alinifunza kupuliza kabureta kwa mdomo, na kutema petroli kando, mbali na viatu vya mteja. Yote hayo niliyashika. Kitu kimoja sikukishika. Gari likifika, Mzee Kirimi alikuwa akiagiza chai ya dereva na ya kila aliyeshuka humo, hata akiwa mtu aliyepewa lifti tu. Kisha anawauliza maswali ya ajabu. Mlikuwa mmebeba nini? Wewe ulikaa upande gani? Ilipoanza kusumbua ulikuwa unafanya nini? Mimi nilikuwa nasimama hapo na spana mkononi, nimekasirika, nikidhani mzee anapenda chai tu. Alipofariki, karakana ikabaki kwangu, na bisibisi, na wateja. Ile chai niliikata siku ya kwanza kwa sababu ilikuwa inachelewesha kazi.

Sasa sikilizeni habari ya Galgalo.

Galgalo alikuwa kijana wa Kiborana mwenye pikapu nyeupe, kuukuu, ya petroli. Kila alfajiri alibeba maziwa ya ngamia kutoka Kinna kuleta hapa mjini. Akina mama wa kule hukusanya maziwa ya maboma yao, wanayatia katika mitungi iliyofukizwa moshi ili yasiharibike upesi, na mitungi inapangwa nyuma ya pikapu na kufunikwa magunia yaliyoloweshwa maji. Kiti cha mbele kilikuwa cha Mama Talaso. Yeye ndiye aliyechaguliwa na wenzake kusafiri na maziwa na kuyauza. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, asiyepoteza maneno. Mtungi mmoja aliuweka ndani, katikati ya miguu yake, ule wa wateja wake wa siku nyingi. Huo hakuuamini nyuma.

Maziwa hayamsubiri mtu. Gari likizimika njiani na jua likapanda, maboma mazima yamekamua bure. Kwa hiyo pikapu ilipoanza kukohoa na kuzima kila inapopunguza mwendo, akina mama wakaanza kuulizana kama hakuna gari lingine. Galgalo alisikia. Hakuwa na kazi nyingine, na mke wake alikuwa amejifungua juzi tu. Alinijia akiwa na wasiwasi usoni, akanisalimu vizuri, akasema, "Mzee, nisaidie. Ikienda pole pole inakufa. Ikishika kasi haina maneno."

Sikumuuliza lingine. Boneti juu.

Hapa kuna jambo mnalijua lakini hamlifikirii. Pikapu zetu nyingi hazina hendibreki. Zinayo, lakini ni ya kupamba. Ndiyo maana kila gari likiingia karakana, mtu anachukua jiwe anaweka nyuma ya gurudumu, na dereva anashuka. Kwa hiyo pikapu ya Galgalo ilisimama hapo ikizuiwa na jiwe lake, injini inanguruma taratibu, na hakuna mguu wa mtu kwenye pedeli. Ilinguruma vizuri. Nilisikiliza kwa bisibisi, nikaguna kama daktari, nikabadilisha plagi, nikamwambia aende.

Alirudi baada ya siku tatu. Bado. Mara hii nilifungua kabureta yote, nikaiosha, nikaipuliza. Kisha nikamgombeza kwa kununua petroli ya chupa barabarani. Masikini, alikuwa ananunua kwenye stesheni ya mafuta, lakini aliinamisha kichwa kwa heshima akakubali kosa ambalo hakulifanya. Nikaendesha gari mwenyewe kulijaribu. Barabarani lilikuwa shwari. Nikafika kwenye matuta, nikapunguza mwendo, likakohoa pu-pu-pu na kutaka kuzima. Nikajiambia, naam, ni mwendo wa chini, kama alivyosema. Breki niliisikia ngumu kidogo chini ya mguu. Lakini nani amewahi kukutana na pikapu ya Isiolo yenye breki laini?

Alipokuja mara ya tatu nilikuwa na magari mengine mawili na sikuwa na subira. Nikafanya ile dawa ya fundi mvivu. Nikachukua bisibisi ndogo nikapandisha sailensa, yaani ile ngurumo ya injini wakati hakuna anayekanyaga mafuta. Injini ikawa inanguruma juu juu hata ikiwa imesimama. Tukazunguka mtaa mara mbili. Ilikohoa, lakini haikuzima. Galgalo alifurahi mpaka akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mimi nilifuta bisibisi kwa tambara na kuirudisha mfukoni kama mtu aliyemaliza kitu.

Mama Talaso alikuwa ameketi kiti cha mbele muda huo wote, mtungi wake mtupu miguuni, na sasa alikuwa amefungua mlango. Akaniita.

"Fundi, nikuulize kitu?"

"Uliza, mama."

"Hii gari haisumbuangi kwa laga. Tukiingia kwa ile mchanga inaenda pole pole hata ngamia inaweza kuipita, na injini imenyamaza tu, iko sawa. Inakohoa Galgalo akikanyaga breki. Mimi najua, kwa sababu maziwa inakuja mbele, nashikilia mtungi na miguu, na hapo hapo injini inalia."

Laga ni mto mkavu, na kwenye njia ya Kinna ziko kadhaa. Katika mchanga ule unakwenda kwa gia ya kwanza, mguu kwenye mafuta, breki huigusi. Huyu mama alikuwa amenipa kila kitu. Alikuwa ameniambia kwamba mwendo wa chini hauna kosa, kosa liko kwenye breki, na alikuwa na ushahidi. Asubuhi ngapi alikuwa ameketi pale akihesabu kila mguso wa breki kwa maziwa yaliyomrukia? Hakuna fundi wala dereva aliyeijua breki ya pikapu ile kama yeye.

Nikamjibu hivi, na ninayarudia maneno yenyewe ili aibu yangu iwe kamili: "Mama, wewe chunga maziwa. Injini niachie mimi."

Watu wakacheka. Galgalo naye akacheka kidogo, kwa kuniheshimu. Mama Talaso alirekebisha leso yake, akafunga mlango, wakaenda.

Siku ya pili yake, jua likiwa limepanda, mtu wa boda boda alisimama mbele ya karakana bila kuzima pikipiki. "Fundi, Galgalo ameanguka na maziwa, pale soko ya mifugo." Nilipanda nyuma yake na ovaroli yangu ya mafuta. Njiani nilijaribu kuomba dua na maneno hayakukaa sawa.

Mbuzi walikuwa wamevuka barabara na mchungaji wao. Galgalo alikanyaga breki, na breki ilikuwa imekufa kuwa gogo. Injini, kwa ile sailensa niliyoipandisha, ikaendelea kusukuma gari mbele. Aliona atamuua mtu, akakata usukani akaingia katika rundo la kokoto kando ya barabara. Mbuzi wote walikuwa hai, na mchungaji pia, na Galgalo alikuwa na kidonda cha paji tu. Mitungi ilikuwa imepasuka. Maziwa yalitiririka mpaka kwenye mtaro, na wale mbuzi waliookolewa walikuwa wameinama wakiyanywa.

Mama Talaso alikuwa ameketi chini, ameegemea gurudumu. Alikuwa ameinama kuushika mtungi wake kama kawaida, na gari lilipogonga, mkono wa kulia ukabanwa kati ya mtungi na dashibodi. Kifundo cha mkono kilikuwa kimekaa vibaya, hata mtu asiyejua dawa angeona. Nilipiga magoti mbele yake. Nilitarajia aniapize, na ningeitikia amina.

"Galgalo hajakosa," akaniambia kabla ya kitu kingine. "Amekanyaga na miguu mbili. Nimeona na macho yangu. Usiache watu waseme amekosa."

Walimpeleka hospitalini. Mimi nilivuta pikapu mpaka karakana kwa kamba. Radieta ilikuwa imepona, injini ikawaka. Jiwe likawekwa nyuma ya gurudumu kama siku zote. Nikawaambia wote watoke, nikaingia ndani peke yangu nikaketi kiti cha dereva.

Injini ilikuwa inanguruma sawasawa. Nikaweka mguu kwenye breki. Injini ikatetemeka, ikashuka, ikaanza pu-pu-pu, na chini ya dashibodi nikasikia hewa ikifoka, fsssss. Nikaondoa mguu. Ikapona. Nikakanyaga tena. Ikaugua tena. Kazi yote ya kutafuta ugonjwa ilikuwa hiyo. Haikuhitaji hata spana. Ilihitaji mtu aketi pale Mama Talaso alipokuwa akiketi, au amwamini aliyeketi.

Kwa wale ambao hawajakutana na ugonjwa huo: nyuma ya pedeli ya breki kuna kile kikopo kikubwa cheusi, busta, kinachousaidia mguu wako. Busta inapata nguvu zake kwa kuvutwa hewa na injini kupitia paipu moja. Ndani yake kuna mpira mpana. Mpira huo ukichanika, kila ukikanyaga breki hewa ya nje inapita palipochanika na kuingia moja kwa moja kwenye injini. Ndiyo hewa ya wizi niliyowatajia, ila mwizi huyu anafunguliwa mlango na mguu wako mwenyewe. Injini inapaliwa, na breki nayo inakosa msaada na kuwa ngumu. Na kwa kuwa binadamu hupunguza mwendo kwa kukanyaga breki, kila mtu ataapa kwamba gari linakohoa kwa mwendo wa chini. Galgalo hakuona breki ikiwa ngumu kwa sababu ugumu uliongezeka kidogo kidogo, na mguu wake ukaongezeka nguvu pamoja nayo.

Nikalibana lile paipu kwa koleo. Mguu kwenye breki, injini ikatulia tuli. Nikakaa pale nikalia, na sioni sababu ya kuwaficha. Kile kikohozi kilikuwa kinatuonya kuhusu breki, na mimi nilikipandishia sailensa ili kisisikike.

Shikeni kipimo hiki kingine, kitawasaidia. Zima injini. Kanyaga breki mara nne, tano, mpaka iwe ngumu. Ushikilie mguu hapo hapo, kisha washa. Breki ikizama kidogo chini ya mguu, busta iko hai. Isipozama, gari hilo lisitoke kwako hata mwenye gari akilia. Siku hizi mna mashine za kuchomeka zinazowaandikia ugonjwa kwenye simu, na nazipenda, ningekuwa nayo ningejidai sana. Lakini nilimwona kijana mmoja mwezi uliopita akisomewa na mashine kwamba injini inapata hewa nyingi kupita kiasi, akafuta maandishi, akarudisha funguo. Hakuna aliyekanyaga breki. Nilivuka barabara nikaharibu siku yake, na wengine wenu mlikuwepo.

Busta niliipata kwenye pikapu iliyokufa, nikaipima mara tatu, nikaifunga. Sailensa nikairudisha chini mahali pake. Galgalo alikuja kuchukua gari lakini hakutaka kuketi. Alisema hakuna mama wa Kinna atakayepanda tena wala kupakia maziwa yake, na afadhali auze gari. Tulikuwa tumesimama hivyo Mama Talaso alipoingia karakana, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko.

"Salaam aleikum."

Tukaitikia. Nikaanza kuomba msamaha, nikayakoroga maneno. Akanisubiri nimalize.

"Nimesikia, fundi. Sasa leo utapanda na sisi," akasema. "Mimi nitakaa kwa dirisha. Wewe utakaa katikati, ushike mtungi. Mimi mkono sina."

Basi nikapanda. Kwenye laga pikapu ilitambaa mchangani kimya kabisa, na Mama Talaso akanitazama kwa pembe ya jicho. Kinna akina mama walikuwa wanangoja na mitungi yao, wamesimama mbali kidogo na gari. Mama Talaso aliwaambia kwa Kiborana, akanitafsiria papo hapo, kwamba mimi ni fundi na nimetengeneza breki. Aliishia hapo. Alikuwa ameniachia njia ya kutokea, angeweza kuwa mama yangu kwa huruma ile, ingawa tulikuwa rika moja.

Sikuweza kuipita. Niliwaambia kwamba alinionya na nikamcheka mbele ya watu, na kwamba mkono ule umevunjika kwa kosa langu, si la Galgalo. Mama Talaso alitafsiri kwa sauti ndogo.  Kisha bibi mmoja mzee, aliyekuwa mbele ya wote, akasema kitu, na wengine wakafunika midomo.

"Anasema, kumbe fundi ana masikio," Mama Talaso akanitafsiria. "Anauliza, wiki jana hiyo masikio ilikuwa imeenda wapi?"

 Yule bibi akanimiminia maziwa kikombe kizima akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza. Ndipo wakaanza kupakia.

Kurudi nilikuwa na mtungi uliojaa kati ya miguu. Kila Galgalo alipogusa breki, maziwa yalisukuma mbele, miguu yangu ikakaza yenyewe, na sikio langu likaenda kwenye injini bila kuamriwa. Kufika mjini ningeweza kuwaambia breki zote za safari ile. Injini haikukohoa hata mara moja.

Tangu siku hiyo mpaka plasta ilipotolewa, kila asubuhi pikapu ilipofika niliacha kazi yangu nikaenda kuishusha mitungi ya Mama Talaso. Nilimtembezea maziwa kwa wateja wake, yeye mbele, mimi nyuma na ovaroli. Kwa kuwa kubeba mitungi ya maziwa ni kazi ya wanawake, mafundi wenzangu waliniita mke mdogo wa Galgalo, na niliwaacha waniite. Karakanani nilirudisha chai. Aliyeshuka kwenye gari alipewa kikombe, na mimi niliketi naye, na wengi wao waliniambia mambo ambayo bisibisi yangu isingeyasikia.

Plasta ilitolewa. Asubuhi iliyofuata nilienda kama kawaida, nikanyoosha mkono kuchukua mtungi wa kwanza, akanizuia. "Leo mimi mwenyewe, fundi. Umefanya kutosha, Mungu akulipe." Akauinua kwa mkono wa kulia, akatembea. Hatua kumi, labda kumi na mbili. Akasimama, akauweka chini, akauchukua kwa mkono wa kushoto, akaendelea na safari yake bila kugeuka.

Bado anauza maziwa. Mkimwona pale sokoni msalimieni. Na mkimwona ametembea hatua chache, ameweka mtungi chini na kubadilisha mkono, msikimbilie kumsaidia, hapendi. Ila mjue ni kazi ya nani.